Kwa nini unaogopa kuachwa? Tujifunze kwa watu wa "Queen of Katwe"

Leo tunaanza na swali. Umemtumia mpenzi wako meseji, saa mbili zimepita hajajibu. Wewe unafanyaje?

(a) Unaendelea na shughuli zako. Akipata nafasi atajibu.
(b) Moyo unakwenda mbio. Unapiga simu mara kumi, unamtuma rafiki akamchungulie yuko na nani.
(c) Unasema, "Kwenda zake, mimi simhitaji mtu," halafu unamnunia wiki nzima.

Usione haya, hakuna anayetoa maksi hapa. Lakini jibu lako linaweza kuonyesha jinsi ulivyozoea kuwa karibu na watu tangu ulipokuwa mdogo. Na jambo hili linagusa afya yako moja kwa moja: kama utaweza kusema "hapana", kama utadai kondomu, na kama utaomba msaada ukipata matatizo.

MFUNGAMANO NI NINI?

Mtoto mchanga hajui kusema, ila anajua kulia. Akilia akabebwa na kubembelezwa, taratibu anajifunza kwamba wapo watu wa kutegemea. Akilia na mara abebwe, mara aachwe, anajifunza kulia zaidi na kung'ang'ania. Akilia na asijaliwe kabisa, anaweza kuacha kulia. Si kwamba hana shida, ameona haisaidii. Uhusiano huu kati ya mtoto na anayemlea wataalamu wanauita mfungamano.

Je, wajua? Sehemu kubwa ya elimu hii ilianzia kwa jirani zetu Uganda. Mwaka 1954 na 1955, mtaalamu wa saikolojia aitwaye Mary Ainsworth alitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala. Alikwenda mara kwa mara, akakaa na akina mama na kuwatazama watoto wao. Aliona kwamba mtoto mwenye uhakika na mama yake hutambaa kwenda kucheza, hugeuka kumtazama mama, huenda tena. Mama ni kama kituo chake: anaondoka kwa sababu anajua atarudi. Mwaka 1967 Ainsworth alichapisha kitabu kuhusu watoto hao. Baadaye, kwa utafiti alioufanya Marekani, alieleza mitindo mitatu: wa utulivu, wa mashaka, na wa kujitenga. Mwaka 1987 watafiti wengine wa Marekani walionyesha kwamba hata watu wazima wakipendana, mitindo hiyo huonekana.

SASA TWENDE KATWE

Filamu ya "Queen of Katwe" ilitoka mwaka 2016. Iliongozwa na Mira Nair, na inasimulia maisha ya kweli ya Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe, Kampala, aliyekuwa akiuza mahindi na baadaye akawa bingwa wa sataranji. Wengi wetu tumeipenda kwa sababu ya ushindi wake. Safari hii hebu tuwatazame watu wanaomzunguka.

Harriet, mama yake (Lupita Nyong'o). Amefiwa na mume, analea watoto peke yake. Anawapenda sana, lakini upendo wake umechanganyika na hofu. Mwanzoni anaiona sataranji kama kamari itakayomharibia mtoto. Anabana, anafoka, anakataza. Mtu aliyekwisha kupoteza anaweza kushika kwa nguvu kile kilichobaki. Lakini huyo huyo Harriet anauza nguo zake za thamani apate pesa ya mafuta ya taa, binti asome usiku. Kwa hiyo ukali wa mzazi peke yake hautoshi kukuambia kama anakupenda au la.

Night, dada mkubwa. Anamfuata mwanamume mwenye pikipiki na pesa. Mama anakataa, wanagombana, Night anaondoka. Mwisho wake anaachwa na kurudi nyumbani na mimba. Ni rahisi kusema "tamaa ilimponza". Lakini jiulize: alikuwa anatafuta pesa tu, au pia mtu wa kumwambia kwamba ana thamani? Mwenye njaa ya kupendwa hachagui sana. Na tuone jambo la pili: mlango wa mama haukufungwa.

Phiona mwenyewe (Madina Nalwanga). Anaposhindwa kwenye mashindano makubwa kule Urusi, anavunjika moyo na kutaka kuacha kabisa. Hapo anaanza kujitenga: nisipojaribu, sitaumia. Wavulana wengi mnaijua hii. Mshikaji ametoswa, au amefeli mtihani, anajifanya mgumu, hasemi na mtu, anaishia kwenye pombe.

Robert Katende, mwalimu (David Oyelowo). Huyu ndiye kituo. Hawachapi watoto wakishindwa, hawaachi wakikosea, anakuwepo leo na kesho. Na sikiliza: Katende wa kweli alifiwa na mama yake angali mtoto. Kama utoto mgumu ungekuwa hukumu ya maisha, yeye asingekuwa wa kutegemewa na yeyote.

Tahadhari: filamu haitupi utoto wote wa watu hawa. Tunaitumia kama kioo. Usianze kuwabandika wenzako majina, "wewe Night, wewe mjitenga". Mtu mmoja anaweza kuwa mtulivu kwa marafiki na mwenye mashaka kwa mpenzi.

NA HUKU SINGIDA?

Huku kwetu mtoto halelewi na mama peke yake. Yupo bibi, yupo shangazi, yupo dada aliyembeba mgongoni wakati mama yuko shambani kwenye alizeti. Kulelewa na wengi si kasoro. Mtoto anaweza kufungamana na watu kadhaa, ilimradi awepo walau mmoja asiyeyumba. Kwa hiyo kama ulikulia kwa bibi Iramba wakati wazazi wanatafuta maisha Dar es Salaam, usijione umepungukiwa. Bibi anaweza kuwa ndiye kituo chako.

Sasa tuseme binti amepanga geto karibu na shule ya kata, mbali na nyumbani. Jioni ni upweke mtupu. Anatokea jamaa wa bodaboda: lifti, chipsi, maneno matamu. Siku jamaa anaposema, "Ukinipenda hutataka kondomu," binti anajua hatari ya mimba, magonjwa ya zinaa na VVU. Amefundishwa darasani. Kinachomfanya anyamaze ni hofu: nikikataa, ataniacha. Ndiyo maana elimu ya kondomu peke yake haitoshi. Lazima tuizungumzie na hiyo hofu.

UFANYE NINI?

1. Itambue hofu yako. Kabla hujakubali jambo, jiulize: "Ninataka, au ninaogopa kuachwa?" Kama ni hofu, sema, "Nipe muda." Anayekupenda atasubiri. Anayeondoka kwa sababu umekataa amekuonyesha alichokuwa anafuata.

2. Tafuta mtu mmoja wa kutegemea: bibi, mjomba, mwalimu, kocha, muuguzi. Usianze na siri kubwa. Mwambie jambo dogo, uone kama analitunza.

3. Kama unajitenga, jaribu kusema sentensi moja tu: "Leo sijisikii vizuri." Uanaume haupungui.

4. Ukikorofishana na mtu, rudi mzungumze. Harriet na Katende hawakuelewana mwanzoni. Wangenuniana hadi mwisho, Phiona angepata hasara.

5. Kama anayekulea ndiye anayekupiga, kukutisha au kukuingilia kimwili, hilo si kosa lako, wala usilibebe peke yako. Piga simu namba 116, ni bure. Unaweza pia kwenda kwa ofisa ustawi wa jamii, au dawati la jinsia na watoto la polisi.

Mfungamano haubadiliki kwa siku moja. Phiona naye hakujifunza sataranji siku moja, na aliyemfundisha mwanzo alikuwa Gloria, mtoto mdogo kuliko yeye. Kwa hiyo hata wewe unaweza kuwa kituo cha mwenzako.

JADILINI KATIKA KIKUNDI

- Night angerudi nyumbani kwenu na mimba, angepokelewaje? Kwa nini?
- Kuna tofauti gani kati ya mpenzi anayekujali na anayekubana?
- Wavulana: ni nani ulimwambia mara ya mwisho kwamba umeumia? Kama hakuna, nini kinakuzuia?
- Kila mmoja aandike jina la mtu mmoja anayeweza kumwendea hata usiku wa manane. Usiwaonyeshe wenzako. Kama karatasi yako imebaki tupu, baki baada ya kikundi uzungumze na mlezi wenu.