Ketamini Hospitalini na Ketamini Mitaani

Mtu akianguka katika milima ya Umatengo akavunjika mguu, hospitalini huenda akapigwa sindano ya ketamini kabla ya mfupa kunyoshwa. Dawa hii ilitengenezwa Marekani mwaka 1962 na mwanakemia Calvin Stevens. Hospitali zenye vyombo vichache huipenda, kwa sababu kwa kawaida mgonjwa huendelea kuvuta pumzi mwenyewe.

Yafaa tujue namna inavyofanya kazi. Ketamini hukata njia ya habari kati ya mwili na akili. Macho ya mgonjwa yaweza kubaki wazi, lakini hayatambui kitu. Mguu waguswa, naye hana habari. Ndiyo maana hukaa mtu karibu naye kumwangalia mpaka arudiwe na fahamu.

Siku hizi, katika nchi nyingi, wako vijana wanaoinunua kwa siri ili wajistareheshe. Huona mambo yasiyokuwapo, hupepesuka, na wengine hushikwa na hofu kubwa. Wakiichanganya na pombe, pumzi yaweza kukatika. Mwenye kuizoea huharibika kibofu: hukojoa mara kwa mara kwa maumivu makali, pengine damu. Madaktari wa Kanada waliandika habari za madhara hayo mwaka 2007.

Wengine husema, "Hospitali huitumia, basi haina hatari." Hao wamemsahau yule mwangalizi. Tarehe 28 Oktoba 2023, mwigizaji Matthew Perry wa Marekani, mwenye miaka 54, alikutwa amekufa katika bwawa dogo la maji ya moto nyumbani kwake. Uchunguzi ulionyesha kwamba ketamini ndiyo iliyomwua, na kuzama kulichangia.

Sisi wa Mbamba Bay na Liuli twaoga na kuvua katika ziwa ambalo kina chake, mahali penye kina kirefu kabisa, hufika mita 700. Asiyeuhisi mwili wake hawezi kuogelea, hata kama alijifunza tangu utoto.

Basi, ukimkuta mwenzako amelewa dawa, usimcheke wala usimkimbie. Mwondoe karibu na maji na moto. Mlaze kwa ubavu, usimpe chakula wala kinywaji. Mtume mtu amwite mkubwa, nawe ukae naye. Mkifika hospitali, semeni kweli alichotumia. Aibu itapita, lakini mganga asiyeambiwa hutibu gizani.