Insha ya Methali: Uhuru wa Kubuni na Kukamilisha Kisa

Katika vitabu teule umeona jinsi waandishi wanavyobuni wahusika na matukio. Katika Karatasi ya Kwanza (102/1), zamu ni yako. Swali la methali hukupa uhuru mkubwa: wahusika, mandhari na msuko ni wako. Hata hivyo, una saa 1 na dakika 45 za kuandika insha mbili, kila moja isiyopungua maneno 400 na yenye alama 20. Watahiniwa wengi hubuni vizuri lakini hawamalizi.

Tazama methali hii: Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Ina sehemu mbili:
(i) Mchelea mwana kulia – mzazi au mlezi anaogopa kumkanya mwana.
(ii) Hulia yeye – mzazi huyo anaishia kujuta.

Tuseme mtahiniwa amembuni Mama Kasimu, mjane anayemdekeza mwanawe wa pekee. Anajaza ukurasa mzima kwa sherehe ya kuzaliwa kwa Kasimu: keki, wageni, mavazi, muziki. Lugha yake inavutia. Kisha Kasimu anatoroka shuleni na kupanda matatu ya kwenda mjini. Mtahiniwa anaanza kusimulia safari, abiria mmoja mmoja. Muda unakwisha Kasimu akiwa bado garini. Mama hajalia! Msahihishaji ana nusu ya methali tu mbele yake, wala hawezi kutuza machozi ambayo hayakuandikwa.

Kosa la mtahiniwa huyu si ubunifu. Ni kuutumia bila mpango. Riwaya ina nafasi ya visa vidogo vingi. Kisa chako hakina nafasi hiyo.

Gawa muda wa kila insha hivi:

1. Dakika 5 za kupanga. Hapa ndipo penye uhuru wako wote. Buni utakavyo, kisha amua mwisho: mama analia wapi, na kwa nini? Kwa mfano, analia mahakamani Kasimu akihukumiwa kwa wizi.

2. Dakika 40 za kuandika. Wazo jipya likikujia, jiulize: linamsogeza mama karibu na machozi hayo? Ikiwa halimsogezi, liache. Kufikia dakika ya 20, uwe umeingia sehemu ya pili ya methali.

3. Dakika 5 za kusoma ulichoandika na kusahihisha hijai na sarufi.

Tanbihi: Ukiona muda umeyoyoma, usikimbilie "kumbe ilikuwa ndoto". Ikiwa yote yalikuwa ndoto, mama hakulia na methali haikuthibitishwa.

Zoezi
Andika mpango wa sentensi tano wa kisa kinachothibitisha methali: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Anza kwa kuandika sentensi ya tano.