Maji Yaliyomo Ndani ya Mawe

Kisiwa cha Takawiri kimo katika Ziwa Victoria, katika Kaunti ya Homa Bay, Kenya. Visiwa vilivyo jirani, Mfangano na Rusinga, vilijengwa kwa mawe na majivu ya volkano ya Kisingiri, iliyokuwa ikiwaka takriban miaka milioni 20 iliyopita. Mawe ya volkano huonekana makavu, lakini mengi yana vitundu vidogo na nyufa zinazoshika maji kama sifongo.

Je, maji hayo yafaa kunywewa? Mvua inyeshapo, maji hupata hewa ya kaboni angani na katika udongo, yakawa na ukali kidogo. Ukali huo huyeyusha mwamba polepole. Na kadiri maji yanavyokawia humo, ndivyo yanavyozidi kuchukua madini.

Madini matatu yapasa kuangaliwa: chokaa, magadi na floridi. Chokaa ikiwa nyingi katika maji, hushikana na floridi, na vyote viwili hugeuka chembe za jiwe na kutua. Lakini magadi yakizidi, chokaa hupungua, na floridi hubaki ndani ya maji. Ndiyo sababu visima viwili vilivyo karibu vyaweza kutofautiana sana.

Floridi kidogo huimarisha meno. Ikizidi huyatia watoto madoa ya kahawia menoni, na baada ya miaka mingi hudhuru mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita moja.

Madini haya hayaonekani wala hayana harufu. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi floridi; mvuke hutoka, floridi ikabaki. Dawa ya kwanza, basi, ni kupima. Chupa safi ya plastiki isuuzwe mara tatu kwa maji ya kisima kile kile, ijazwe, iandikwe jina la mahali na tarehe, kisha ipelekwe kwa wapimaji.

Floridi ikionekana kuwa nyingi, maji ya mvua yaliyokingwa kwenye mabati safi yafaa kwa kunywa na kupikia, kwa kuwa hayakupita katika mwamba. Huko Nakuru na Arusha, maji ya visima huchujwa pia kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, nayo hunasa floridi.

Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Maji kung'aa si ushahidi wa usalama wake. Ushahidi ni kipimo.