Chakula cha Mbwa Siku ya Kuchinja

Siku ya kuchinja, mbwa ndiye wa kwanza kufika. Mwenye nyumba akiona ini au pafu lenye vifuko vya maji humtupia, akisema, Hili halitufai sisi. Kumbe hapo ndipo ugonjwa uingiapo nyumbani.

Maana ndani ya vifuko vile mna mbegu za tegu mdogo sana, ambaye urefu wake haupati sentimeta moja. Mbwa akivila vibichi, tegu hukaa matumboni mwake, wala yeye haonekani kuwa mgonjwa. Mayai yao hutoka pamoja na mavi yake, yakashika majani, maji, na manyoya yake pia. Kondoo huyala malishoni. Mtoto humshikashika mbwa, kisha hula pasipo kunawa. Ndani ya mtu hufanyika vifuko vilevile, navyo hukua polepole miaka mingi, hata pengine hana budi kupasuliwa.

Zamani ugonjwa huu uliwatesa sana watu wa Aisilandi. Katika mwaka wa 1863 Harald Krabbe wa Denmark alikwenda kuwachunguza mbwa wao, na mwaka wa 1864 kikapigwa chapa kitabu kidogo cha kuwafundisha watu. Kwao umekwisha, kwa Wamasai na Waturkana ungalipo.

Basi, ndugu, mbwa apewe nini? Ugali na mchuzi usio na vitunguu, kwa kuwa vitunguu huharibu damu yake. Matumbo yachemshwe kwanza nusu saa nzima. Ini lenye vifuko lichomwe moto kabisa, au lizikwe chini sana asipoweza kulifukua. Tena afungwe kabla kisu hakijatolewa.