SOMO LA UFUNDI: KUBADILI MAFUTA YA DIFU KWENYE GARI LA ZAMANI



Somo letu la leo ni difu, ambayo mafundi wetu wengi huiita ponti. Wengi wenu mnaendesha kamyoneti za kubeba vichane vya mawese, na wengine mmechanga fedha mkanunua gari la zamani. Kazi hii mnaweza kuifanya wenyewe uani. Lakini kwanza nitawaeleza kwa nini nimeichagua.

Mwaka 2024 maji ya Tanganyika yalipanda sana, yakaingia katika nyumba za pwani na katika sehemu za barabara ya Bujumbura na Rumonge. Dereva mmoja, mwenzetu, aliagizwa na tajiri wake avuke maji yale na mzigo. Alivuka siku nyingi. Baadaye difu ikaanza kulia, kisha ikakwama. Tajiri akasema dereva ameivunja kwa mwendo mbaya, na mshahara wake ukaanza kukatwa. Tulikwenda pale wajumbe wawili. Tulifungua difu mbele ya tajiri, tukakinga mafuta katika chupa. Yalikuwa meupe kama maziwa. Ndipo makato yakasimamishwa. Fedha zilizokwisha kukatwa hazikurudi, kwa sababu hapakuwa na daftari lolote la kuonyesha mafuta yalibadilishwa lini na nani.

Difu ni nini?

Injini huzungusha shafti ndefu iliyo chini ya gari. Mwisho wa shafti kuna jino dogo, pinioni, ambalo huzungusha gurudumu kubwa la meno, krauni. Ndani ya krauni kuna meno mengine madogo ambayo huruhusu tairi la nje kuzunguka zaidi ya la ndani wakati wa kukata kona. Meno ya pinioni na krauni hayagusani tu, bali yanasuguana kwa nguvu kubwa. Kinachoyatenganisha ni utando mwembamba wa mafuta.

Maji huingiaje? Difu ikifanya kazi hupata moto. Ikitumbukia ghafla katika maji baridi, hewa ya ndani husinyaa, nayo difu huvuta maji kupitia kitundu cha kupumulia au sili iliyochakaa. Ninyi wa kukamua mawese mnajua kwamba maji na mafuta yakiachwa hutengana. Lakini ndani ya difu meno huyapiga pamoja mpaka yawe kama uji mweupe, na uji huo haulindi chuma.

Vifaa

Tafuteni spana inayoenea barabara (Toyota nyingi za zamani hutumia namba 24), karai, matambara, brashi ya waya, faneli yenye mpira mrefu, na mafuta mapya. Gari ndogo nyingi hutumia kati ya lita 1 na lita 2 na nusu. Kwa Hilux na Corolla za zamani zinazoendeshwa na matairi ya nyuma, kwa kawaida ni mafuta ya difu namba 90 au 80W-90 yenye alama GL-5. Someni kitabu cha gari kama kipo. Mwenye Peugeot 404 aulize kwanza, maana difu yake ina gurudumu la shaba, na dawa iliyomo katika baadhi ya mafuta ya GL-5 huweza kuila shaba. Msitie mafuta ya injini wala ya mawese.

Kazi yenyewe

1. Endesheni gari robo saa ili mafuta yapate moto na kulainika.

2. Lisimamisheni mahali tambarare, vuteni breki ya mkono, wekeni mawe mbele na nyuma ya matairi. Kamyoneti iko juu, kwa hiyo mara nyingi jeki haihitajiki. Gari likiwa chini sana, liinueni sawasawa mbele na nyuma, mkiliegemeza juu ya magogo mazito. Asiingie mtu chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Jeki huteleza, na mtu hana spea.

3. Fungueni KWANZA boliti ya juu, ya kutilia mafuta. Hili ndilo kosa la wengi. Wanamwaga mafuta, kisha wanakuta boliti ya juu imeshika kutu na haifunguki. Gari linabaki pale halina mafuta, wala haliwezi kwenda kwa fundi.

4. Sasa wekeni karai, fungueni boliti ya chini. Yaacheni yatoke mpaka yadondoke tone moja moja.

5. Yachunguzeni. Meusi ni ya kuzeeka. Meupe yana maji. Boliti ya chini mara nyingi ina sumaku. Unga laini wa kijivu juu yake ni jambo la kawaida, lakini vipande vya chuma ni dalili kwamba meno au beringi zinavunjika, mwiteni fundi.

6. Safisheni boliti na kitundu cha kupumulia, wekeni washa mpya, kazeni boliti ya chini.

7. Tieni mafuta taratibu mpaka yaanze kuchuruzika katika tundu la juu. Hapo yametosha. Kazeni boliti ya juu.

8. Endesheni kidogo, kisha angalieni kama panavuja. Kama mafuta ya zamani yalikuwa meupe, badilisheni tena baada ya siku chache, kwa maana maji mengine hubaki ndani.

Kwa kawaida badilisheni kila kilomita 40,000, na gari la mizigo kila 20,000. Likipita katika maji yaliyofikia difu, kagueni siku ileile.

Mambo mawili ya mwisho

Mafuta machafu msiyamwage mtaroni. Mtaro unakwenda ziwani, na ziwani ndiko tunakopata ndagala na mukeke. Yatieni katika bidoni, mpelekeeni mwenye gereji anayekusanya.

Pili, andikeni katika daftari tarehe, kilomita, rangi ya mafuta na jina la aliyefanya kazi. Dereva akiagizwa kuvuka maji, aandike na hilo, na aliyetoa agizo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mara nyingi ukuta huo hujengwa kwa mshahara wa mfanyakazi.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Kwa nini boliti ya juu hufunguliwa kwanza?
2. Mafuta meupe yanatuambia nini?
3. Mahali penu pa kazi, daftari la gari linashikwa na nani?