Namba Mbili Kwenye Skrini Nyeusi

Linux From Scratch ni kitabu. Gerard Beekmans alikianzisha mwaka 1999, na kinamfundisha msomaji kujenga mfumo endeshi wake mwenyewe kuanzia msimbo chanzo: kwanza kompaila, kisha maktaba ya C, halafu programu ndogondogo moja baada ya nyingine, hadi kerneli na GRUB, programu inayoipakia hiyo kerneli. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Mwishoni kitabu kinakwambia uiwashe upya mashine, na hapo watu wengi hukutana na skrini nyeusi yenye mistari myeupe, wa mwisho ukiwa na maneno Kernel panic na namba mbili zilizotenganishwa kwa koma.

Anayekutana na hali hiyo kwa mara ya kwanza hukimbilia kuijenga kerneli upya, akibadilisha hiki na kile kwa kubahatisha. Ninaandika somo hili kwa sababu hakuna haja ya kubahatisha. Kompyuta huwaka kwa hatua chache zinazokabidhiana kazi, na kila hatua inajua jambo moja tu, yaani namna ya kuipata inayofuata. Ukijua ni hatua ipi iliyozungumza mwisho, umeshajua makabidhiano yaliyoshindikana ni yapi, na maswali yanayobaki hayazidi matatu au manne.

Tuanze na mashine iliyozimwa. Kumbukumbu yake kuu, RAM, haina kitu, maana umeme ukikatika kila kilichokuwemo hupotea. Prosesa nayo haijui diski ni nini, wala faili, wala Linux. Inachojua ni kuchukua amri kutoka kwenye anwani fulani, kuitekeleza, na kwenda kwenye inayofuata. Lazima basi iwepo anwani moja ambayo prosesa inaijua tangu kiwandani. Kwa prosesa za ukoo wa Intel x86 anwani hiyo ni FFFFFFF0 kwa hesabu ya kumi na sita, baiti 16 tu chini ya ukomo wa gigabaiti 4. Baiti 16 hazitoshi kwa kazi yoyote ya maana isipokuwa amri moja ya kuruka kwenda mahali pengine. Mahali hapo pamo ndani ya chipu iliyo kwenye ubao mama, na programu iliyomo humo ndiyo fimuwea.

Kazi ya fimuwea ni kuamsha vifaa na kutafuta kitu cha kuwasha. Fimuwea ya zamani, BIOS, husoma baiti 512 za mwanzo wa diski, huziweka kwenye anwani 7C00 ya kumbukumbu, na huangalia kama baiti mbili za mwisho ni 55 na AA. Zikiwa hivyo, inaruka hapo na kazi yake imekwisha. Katika baiti hizo 512, 64 ni za jedwali la patisheni, yaani vipande ambavyo diski imegawanywa, na 2 ni za ile alama. Zinabaki 446 kwa ajili ya programu. Hakuna programu ya baiti 446 inayoweza kuelewa mfumo wa mafaili wa kisasa, na ndiyo sababu GRUB imekatwa vipande: kipande kidogo cha mwanzo kinachojua tu mahali kilipo kipande kikubwa zaidi. UEFI, fimuwea ya siku hizi, inajua zaidi kidogo. Inaweza kusoma patisheni ya aina ya FAT, na isipopewa maelekezo mengine hutafuta faili liitwalo BOOTX64.EFI ndani ya saraka ya EFI/BOOT.

Kwa hiyo ujumbe wa kwamba hakuna kifaa cha kuwashia unatoka kwa fimuwea. Kerneli haijaguswa bado. Hata ukiijenga upya mara kumi, ujumbe utabaki uleule. Angalia kama GRUB ilisakinishwa kwenye diski sahihi, na kama ilisakinishwa kwa namna inayolingana na fimuwea, kwa sababu GRUB ya BIOS na GRUB ya UEFI ni programu mbili tofauti.

GRUB ikishaingia, nayo ina namna mbili za kukwama, na inafaa kuzitofautisha. Ukiona maneno grub rescue> maana yake kile kipande kikubwa kimefika lakini hakikuzipata moduli zake, yaani sehemu zake za ziada, ndani ya /boot/grub. Ukiona grub> peke yake, moduli zimepatikana, ila faili la maelekezo, grub.cfg, halikuonekana. Katika hali zote mbili unaweza kuandika ls, ikakuonyesha diski na patisheni inazoziona. GRUB huhesabu diski kuanzia sifuri na patisheni kuanzia moja, hivyo (hd0,2) ni patisheni ya pili ya diski ya kwanza.

Hapa pana jambo linalowapoteza hata watu wenye uzoefu. Ndani ya grub.cfg kuna taarifa mbili za mahali, na zinafanana kwa sura. Moja inaiambia GRUB mahali kerneli ilipo, nyingine, iandikwayo root=/dev/sda2 kwenye mstari wa kerneli, inaiambia kerneli mahali mfumo mzima ulipo. GRUB haiichunguzi hiyo ya pili hata kidogo. Inaibeba kama maandishi matupu na kuikabidhi. Kerneli kupakiwa salama hakuthibitishi basi kwamba neno root= ni sahihi.

Kerneli ikipokea kazi, inajikunjua kutoka kwenye mgandamizo, inatambua vifaa, kisha inajaribu kufungua patisheni ya mfumo. Wakati mwingine skrini huzimika kabisa hapa, na mtu hudhani mashine imekufa. Huenda kerneli inaendelea vizuri, ila haina draiva ya kuandikia kwenye skrini. Chini ya UEFI hakuna ile hali ya zamani ya maandishi ya VGA, kwa hiyo kerneli isiyo na CONFIG_FRAMEBUFFER_CONSOLE pamoja na draiva ya skrini kama CONFIG_DRM_SIMPLEDRM au CONFIG_FB_EFI huwa bubu. Tatizo hili litatue kabla ya mengine yote, kwa sababu bila ujumbe huna pa kuanzia.

Sasa tufike kwenye zile namba mbili. Mstari unaoogopesha husema kerneli imeshindwa kufungua mfumo wa mafaili kwenye unknown-block(0,0), au wakati mwingine unknown-block(8,2). Neno hilo la mbele hutokea katika hali zote mbili, usilitilie maanani. Habari imo ndani ya mabano. Linux hukipa kila kifaa cha kuhifadhi data namba mbili: ya kwanza hutaja aina ya draiva, ya pili hutaja kifaa chenyewe. Diski za SATA na za USB zina namba 8. Diski ya kwanza, sda, ni 8,0, patisheni yake ya pili ni 8,2. Kila diski imetengewa nafasi 16, kwa hiyo sdb huanza kwenye 16, na sdb1 ni 8,17.

Ukiona (8,2), kerneli imekwambia mengi kwa namba hizo mbili. Diski imeonekana, patisheni imepatikana, draiva ya diski ipo. Kilichoshindikana ni kuyaelewa yaliyomo. Ama hukuweka draiva ya mfumo wa mafaili, tuseme CONFIG_EXT4_FS, ama root= imetaja patisheni isiyo yenyewe, labda ile ya swapu, ama mfumo wa mafaili umeharibika. Kerneli huorodhesha pia aina za mifumo ya mafaili ilizojaribu. Kama ext4 haimo kwenye orodha hiyo, jibu umeshalipata.

Ukiona (0,0), kerneli haikupata kifaa chochote chenye jina ulilolitaja. Usibadilishe kitu bado. Soma mistari ya juu kidogo, ambako kerneli huorodhesha patisheni inazoziona pamoja na ukubwa wake. Kwangu mimi hiyo ndiyo orodha yenye thamani kuliko chochote kingine kwenye skrini ile, na ndiyo isiyosomwa. Ikiwa diski yako imo ila kwa jina jingine, kosa liko kwenye root=. Uliandika sda2 kumbe inaitwa sdb2, au ni diski ya NVMe, ambayo patisheni yake ya pili huitwa nvme0n1p2. Ikiwa diski ni ya USB na orodha ni tupu, pengine haijamaliza kuamka, na neno rootwait kwenye mstari wa kerneli litaifanya isubiri. Ikiwa diski imefungwa ndani ya mashine na bado haimo, kerneli haina draiva yake.

Hili la draiva linahitaji kuelezwa taratibu. Unapopanga kerneli, draiva nyingi unaweza kuzichagua kwa y au kwa m. Kwa y, draiva inakuwa sehemu ya kerneli yenyewe. Kwa m, inakuwa moduli, faili linalokaa chini ya /lib/modules na kupakiwa inapohitajika. Lakini /lib/modules iko kwenye patisheni ya mfumo, na patisheni ya mfumo iko kwenye diski ambayo kerneli inashindwa kuisoma kwa kukosa draiva hiyohiyo. Ni sanduku lililofungwa na ufunguo wake umo ndani. Mifumo iliyotengenezwa tayari hulikwepa jambo hili kwa initramfs, kifurushi kidogo cha mafaili ambacho GRUB hukipakia kwenye kumbukumbu pamoja na kerneli. Ukijenga bila initramfs, kila kinachohitajika kufikia patisheni ya mfumo lazima kiwe y: draiva ya kidhibiti cha diski, draiva ya diski yenyewe, na mfumo wa mafaili. Kuzijua ni zipi, washa mashine hiyohiyo kwa Linux nyingine na uandike lspci -k. Itakutajia draiva inayotumika kwa kila kifaa.

Kwa kuwa majina kama sda na sdb yanaweza kubadilishana ukichomeka flashi, ni salama zaidi kutumia PARTUUID, utambulisho ulioandikwa kwenye jedwali la patisheni. Kerneli inaufahamu yenyewe. UUID ya mfumo wa mafaili ni kitu kingine, nayo inahitaji initramfs. Wengi huchanganya hizi mbili, kisha wakashangaa kupata (0,0) wakati namba waliyoinakili haina kosa.

Patisheni ikifunguka, kerneli inatafuta programu ya kwanza: /sbin/init, kisha /etc/init, kisha /bin/init, mwisho /bin/sh. Ikisema hakuna init iliyofanya kazi, na wewe unaliona faili kwa macho yako, usidhani inakudanganya. Programu nyingi hazijitoshelezi. Ndani yake imeandikwa njia ya kipakiaji cha maktaba, kwa kawaida /lib64/ld-linux-x86-64.so.2. Kipakiaji hicho kisipokuwepo, kerneli hupata kosa namba 2, yaani faili halipo, na kosa hilo hulipita kimyakimya. Kilichokosekana ni kipakiaji, si init.

Na ikiwa init ilianza kisha ikafa, kerneli huchapisha exitcode. Hata hiyo inasomeka. 0x00007f00 ina 7f, ambayo ni 127, namba ambayo kipakiaji huiacha kinapokosa maktaba inayotakiwa. 0x0000000b ni ishara namba 11, programu imegusa kumbukumbu isiyo yake.

Kutenganisha kerneli na yanayofuata, ongeza init=/bin/bash kwenye mstari wa kerneli. Ukipata bash, kerneli na diski ni salama, na kosa limo kwenye init, hati zake, au /etc/fstab. Mfumo utakuwa wa kusomwa tu, hivyo andika mount -o remount,rw / kabla ya kurekebisha chochote. Mabadiliko yote ya mstari wa kerneli unaweza kuyajaribu kwa kubonyeza e kwenye menyu ya GRUB. Hayaandikwi popote, na ukiwasha tena yamefutika. Badilisha kimoja, washa, soma namba, na mstari uliokubali ndio uuandike kwenye grub.cfg. Ile kerneli ya zamani inayowaka iache kwenye menyu, chini ya mpya, usiifute.