Dondoo muhimu: Wino na rangi za maji huku Uru, Kilimanjaro

Wino kwanza, rangi baadaye. Nunua wino usioyeyuka kwa maji, la sivyo mgomba wote utachuja mara brashi ikigusa mstari. Masika, Machi hadi Mei, hewa ya mlimani ina unyevu na wino huchelewa kukauka. Gusa kona ya mchoro kwa kidole kabla ya kupaka.

Karatasi iwe ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Ukiwa na nyepesi, ibandike ubaoni kwa tepu pande zote nne.

Kijani cha kihamba, shamba letu la migomba na kahawa, usikinunue kimeshachanganywa. Changanya bluu na njano mwenyewe: jani changa la mgomba, njano izidi, kivuli kwenye mibuni iliyo chini yake, ongeza tone la nyekundu. Theluji ya kilele cha Kibo haipakwi, acha karatasi ibaki nyeupe.

Usiogope vituko. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alichora wanyama alivyowawazia, na watu bado wanaupenda mtindo wake. Kinyonga achote maji mfongoni, kwenye mfereji wa kumwagilia! Picha ya kumwomba mtu radhi? Mpe mbega jani la masale mkononi; Mchaga hahitaji maelezo.

Kwa oda, mteja aone kwanza mchoro wa penseli, aukubali, alipe nusu. Ndipo ufungue wino. Andikianeni pia nani ana haki ya kuchapa nakala.